Karani Sabini na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu ameniambia niandike. "Hata mstari mmoja, baba. Huongei na mtu, basi ongea na daftari." Amesahau kwamba nimeandika maisha yangu yote, ila ni namba tu: mkulima, magunia, kilo. Nimechukua daftari la zamani la ghala ambalo kurasa zake za nyuma zilibaki nyeupe. Ndani ya jalada nimeichomeka ile karatasi niliyopewa siku niliyoruhusiwa hospitali. Sijaisoma yote. Mistari ya juu inasema saratani ya shingo imekwisha, na hiyo inanitosha.

Leo nimerudi kazini baada ya miezi kumi na minne. Msimu wa alizeti umefunguliwa na foleni ilifika barabarani. Wapagazi walinipigia makofi. Winchi, mkubwa wao, yule anayebeba magunia mawili kwa mpigo, alisema, "Haya, jiwe letu limerudi. Panda tuone!"

Nieleze, maana daftari halijui. Mizani yetu ni ya jukwaa, ina uso kama wa saa na mshale mmoja. Miaka sita iliyopita lori lilirudi nyuma likaigonga. Fundi aliyeletwa akaweka kijimsumari kwenye tano ili mshale usizunguke ovyo, na tangu siku hiyo haujawahi kurudi kwenye sifuri, huwezi kujua kwa kuitazama ikiwa tupu kama inasema kweli. Mawe ya kuipimia yalichukuliwa na makao makuu "kwa muda", na muda huo bado haujaisha. Kwa hiyo jiwe ni mimi. Kila Jumatatu kabla ya geti kufunguliwa napanda jukwaani, na mshale unasimama pale pale: sabini na mbili. Ndivyo nilivyokuwa tangu ujana, ndivyo nilivyokuwa hata wiki niliyomzika mke wangu. Ndiyo maana wananiita Karani Sabini na Mbili.

Ugonjwa ulinishusha hadi hamsini na nane. Aliyenishikia nafasi hakuwa na jiwe la kupimia, alikuwa anaigonga mizani kwa kiganja na kuomba Mungu.

Leo nilipanda. Sabini na mbili kamili. Nilishuka nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza, machozi yasionekane.

Jumapili, 9 Juni

Binti amepiga. Swali lake la kwanza ni lile lile la kila Jumapili: "Kilo ngapi, baba?" Nikamwambia. Akacheka kwa furaha mpaka na mimi nikacheka. Yuko mbali, kazi yake haina likizo mpaka Septemba.

Jumatano, 12 Juni

Magunia mia mbili na kumi. Miguu mizito.

Jumanne, 18 Juni

Nahisi baridi. Wenzangu wamevua mashati, mimi nimevaa sweta chini ya koti la kazi. Winchi ananiuliza kama nimeficha barafu mfukoni.

Jumatatu, 24 Juni

Nimepanda mizani: sabini na nne. Nikashuka, nikapanda tena. Sabini na nne.

Sasa tufikiri kama watu wazima. Asubuhi nakunywa chai, mchana sili, jioni nakula vijiko vichache nikisimama, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kumenishinda. Mwili hauwezi kujijenga kwa hewa. Basi mizani imevimba. Ilipumzika mwaka mzima bila mtu anayeijua, springi imelegea. Nikachukua bisibisi, nikaigeuza skrubu ya nyuma taratibu mpaka mshale ukanikubali kwa sabini na mbili. Wakulima wasilidhulumu ghala, na ghala lisiwadhulumu wakulima. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Jumapili, 30 Juni

"Kilo ngapi, baba?"

"Sabini na mbili."

Alhamisi, 4 Julai

Nimekutana na jirani wa zamani kwenye duka la dawa. Alinishika mabega akanizungusha kama anakagua shati. "Umenawiri! Shavu hilo! Nani angesema huyu ndiye tuliyekuwa tunamlilia?" Nikamwambia nachoka, nalala kwa muda wa saa kumi nzima na bado naamka nimechoka. Akacheka. "Uchovu wa raha huo."

Nilipokuwa nakonda nyumba yangu haikukosa watu. Walileta uji, walileta dua, walikaa kitandani mpaka nikakosa pa kuweka miguu. Niliponenepa kidogo wakaona kazi imekwisha, wakaenda zao. Siwalaumu. Ila ni ajabu kwamba nilikuwa na watu wengi zaidi nilipokuwa nakufa.

Jumanne, 9 Julai

Suruali ya kaki hainipandi. Dobi ameiharibu kwa maji ya moto. Nimemwambia ukweli wake, naye amenijibu kwamba amefua suruali hiyo miaka minane kwa maji yale yale. Dobi mjuaji.

Jumatatu, 15 Julai

Mizani imelegea tena, sasa inasema sabini na tano. Nimeigeuza. Nimeandika barua ya nne kwa makao makuu kuomba mawe.

Alhamisi, 18 Julai

Leo alikuja Mama Debe. Ni mjane mwenye shamba dogo juu ya kilima, na jina hilo amelipata kwa sababu haamini kitu ila debe lake. Kila gunia analijaza debe nane, analishindilia kwa magoti, analishona mwenyewe kwa kamba ya katani. Kila msimu, kila gunia, kilo sitini na nne. Nilikuwa nawaambia wapagazi kwamba likija la sitini na tatu basi panya wamekula.

Leo la kwanza lilisoma hamsini na tisa. La pili hamsini na tisa. La tatu vile vile.

Alinitazama. "Mwanangu, hebu lipime tena."

Nikalipima tena. Hamsini na tisa.

"Mvua ilikatika mapema, mama. Mbegu zina maganda matupu mwaka huu."

Akachukua mbegu tatu akazipasua kwa meno, akanionyesha kiini kwenye kiganja, kimejaa.  Akaweka dole gumba kwenye karatasi akaondoka. Huyu mama ndiye pekee aliyeendelea kuja kunitazama hata baada ya wengine kuondoka, na alikuwepo wakati wa mionzi, nilipokuwa siwezi kumeza. Alikuwa anakaa mlangoni anachambua mboga, haongei, ananiacha nilale. Najisikia vibaya, lakini namba ni namba.

Jumanne, 23 Julai

Sauti imekuwa nzito. Nikiita jina la mkulima, anaangalia nyuma yangu kutafuta aliyeita.

Jumapili, 28 Julai

Leo binti alisema, "Baba, una mafua?" Nikasema ndiyo, vumbi la ghala. "Kilo ngapi?" Sabini na mbili. "Nitumie picha basi." Nikasema kamera ya simu imeharibika. Haijaharibika.

Kwa nini nimemdanganya? Nimekaa na swali hilo mchana kutwa. Asubuhi nilijiona kwenye kioo cha kunyolea, uso umejaa, macho yamevimba, nyusi zimepukutika pembeni. Nina hofu. Kile kitu kilianza na uvimbe, na sasa nimevimba mwili mzima. Nimeandika, haya. Sitaandika tena jambo hilo.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimepita zahanati kuomba dawa ya choo kigumu. Wana kimizani cha chini, watoto wanakirukia siku nzima. Kilisema sabini na tisa. Nikamwambia muuguzi kimizani chake kimekufa. Akasema labda. Alikuwa na foleni ndefu.

Jumatatu, 5 Agosti

Sabini na nne. Bisibisi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nataka kuandika ya leo kama yalivyotokea, nisijipendelee.

Mama Debe alirudi na magunia manne. Safari hii alikuja na debe lenyewe, amelibeba kichwani. Mbele ya foleni nzima akasema, "Karani, fungua gunia moja, tumwage, tuhesabu madebe." Nikamwambia hapa hatupimi kwa debe. Akasema anajua, lakini yeye anapima kwa debe tangu mimi sijazaliwa. Gunia likapanda: hamsini na saba.

"Hamsini na saba?" akasema. "Mwezi uliopita hamsini na tisa, leo hamsini na saba? Alizeti yangu inakonda kwa ugonjwa gani?"

Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Nikapiga kelele kwa ile sauti yangu mpya, sauti ya pipa. Nikamwambia kwamba miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kunishuku, kwamba kama hataki mizani ya ghala apeleke alizeti yake kwa wachuuzi wa barabarani, kwamba uzee umemharibia hesabu. Uzee! Nilisema neno hilo kwa mwanamke aliyenishikia beseni nikitapika.

 Mama Debe alikaa juu ya debe lake, akanitazama bila hasira.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mgonjwa."

"Nimepona!"

"Haya," akasema. "Umepona." Akajitwika debe akateremka, akayaacha magunia yake bila kusubiri risiti.

Winchi hakunitania tena siku nzima. Jioni nilifunga geti, nikakaa kwenye jukwaa la mizani kama mzigo ambao mwenyewe hakuufuata. Nilitaka mke wangu. Nilitaka mtu mmoja tu wa kuniambia kama shingo ya shati imenibana au la. Alikuwa ananifunga kifungo cha juu kila asubuhi, angejua kwa vidole vyake kabla mimi sijajua.

Ijumaa, 9 Agosti

Sikuamka. Nimesema ni tumbo.

Jumatano, 14 Agosti

Foleni imepungua. Winchi anasema kuna wakulima wamehamia kwa wachuuzi. Meneja hana wasiwasi. Anasema kiwandani wanatuambia kila lori letu linazidi kilo kuliko karatasi zetu, tena linazidi sana. Yeye anaona ni unyevu wa njiani. Nikasema ndiyo, unyevu. Kisha nikasimama pale nikajiuliza ni unyevu gani wakati wa kiangazi. Fikra ilikuja, ikapita, sikuweza kuishika. Siku hizi fikra zote zinapita hivyo.

Jumatatu, 19 Agosti

Sabini na nne. Nimeigeuza skrubu mpaka ikawa ngumu.  Wakati nageuza nilijua kuna kitu hakiko sawa, na nikageuza.

Jumapili, 25 Agosti

Simu iliita, sikupokea. Ikaita tena, nikaifunika na mto.

Jumanne, 27 Agosti

Mkaguzi wa vipimo amekuja. Wakulima walipeleka malalamiko wilayani. Ni mama wa makamo, mfupi, ana sanduku la mbao, na ndani yake mawe matatu ya shaba, kila moja kilo ishirini. Sijaona mawe ya shaba kwa miaka sita. Nilitamani kuyagusa.

Meneja alikuwepo, wapagazi walikuwepo, wakulima kama thelathini walikuwepo. Mama Debe alisimama nyuma kabisa.

Mkaguzi akaweka jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Kilo sitini. Mshale ukapanda, ukayumba, ukasimama kwenye hamsini na moja.

 Akayaondoa, akayapanga upya. Hamsini na moja.

"Kilo tisa," akasema. "Kila gunia. Nani anashika skrubu hii?"

"Mimi," nikasema.

Meneja alinigeukia. "Kumbe! Kilo tisa kila gunia, karani? Ulikuwa unamuuzia nani?" Kelele zikaanza, na mkulima mmoja akaniita mwizi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa na sijawahi kusikia neno hilo likielekezwa kwangu.

Mkaguzi akainua mkono. "Uliipima kwa kutumia kitu gani?"

 "Kwa mwili wangu," nikasema. "Mimi ni sabini na mbili."

Mtu mmoja akaguna kama anazuia kicheko. Mkaguzi hakucheka. Akakunja mikono ya blauzi, akaigeuza skrubu mwenyewe mpaka mshale ukakaa kwenye sitini. Kisha akayashusha akanionyesha jukwaa. "Panda, baba."

Sikutaka kupanda. Ningekubali polisi kuliko kupanda. Lakini nilimwona Mama Debe nyuma ya wote anaitikia kwa kichwa, ndiyo, panda. Nikavua viatu, sijui kwa nini. Nikapanda.

"Isome," mkaguzi akasema. "Wewe ndiye karani."

"Themanini na moja."

Mwili wangu nilikuwa nimeugeuza mizani, na kila ulipoongezeka nikawapunguzia watu jasho lao.  Winchi ndiye aliyeninyooshea mkono kunishusha, na hakuuachia haraka.

Nimesimamishwa kazi mpaka wamalize uchunguzi. Mkaguzi wakati anafunga sanduku aliniuliza niliumwa nini. Nikamwambia: saratani, mionzi shingoni. "Na ulirudi kupimwa?" Nikainama kuvaa viatu.

Nimefika nyumbani nikaitoa ile karatasi kwenye jalada la daftari hili. Mistari ya juu naijua kwa moyo. Mstari wa mwisho, ambao sikuwahi kuufikia, unasema: damu ipimwe kila miezi mitatu kwa ajili ya tezi ya koo. Imeandikwa kwa herufi kubwa. Nimekuwa nikiandika kurasa chache tu kutoka hapo tangu Juni.

Ijumaa, 30 Agosti

Hospitali. Wametoa damu na kuipiga picha shingo. Majibu Jumatatu. Nimekaa siku nzima nikiwa na uhakika kwamba imerudi.

Jumatatu, 2 Septemba

Haijarudi.

Daktari ni binti mdogo kuliko wangu. Ana subira. Alinieleza kwamba mbele ya koo kuna tezi ndogo inayoamua mwili uende kwa kasi gani, na ile mionzi iliyoua saratani imeiunguza na yenyewe. Tangu hapo imekuwa ikizimika taratibu. Ndiyo maana baridi, usingizi, sauti, choo, nywele, uzito, hata hizi fikra zinazopita bila kushikika.

"Kwa hiyo sili na bado nanenepa?"

"Mwili wako umepunguza moto, baba. Kidogo unachokula haukitumii. Na sehemu ya uzito ni maji tu."

Nitameza kidonge kimoja kila asubuhi kwa maji matupu, kabla ya chai, maisha yangu yote. Nikamuuliza kama nitarudi sabini na mbili. Alifikiri kabla ya kujibu, nikampenda kwa hilo. "Utapungua kiasi. Nguvu zitarudi. Namba ile siwezi kukuahidi."

Nililia mbele yake. Aliniletea karatasi za kufutia mikono, maana ndizo zilizokuwepo. Nilikuwa nalia kwa sababu miezi mitatu hii nilijua naumwa, na kila niliyemgusia alinisifia shavu.

Jumatano, 11 Septemba

Uchunguzi umekwisha. Kilo zote zimeonekana kiwandani, hakuna iliyouzwa pembeni, zitarudishwa kwa wakulima. Meneja ananitaka msimu ujao, "kwa mawe ya shaba, siyo kwa tumbo". Nimecheka, ingawa niliumia.

Nimeomba ruhusa ya kukaa getini kila asubuhi, nimwambie kila mkulima mwenyewe. Wengine wananipa mkono, wengine wananipita. Yule aliyeniita mwizi alinipita.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimepanda kilima. Nilipumzika mara tano njiani. Mama Debe alikuwa anapepeta. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, lakini nilipofika pumzi ilikuwa imekwisha, nikabaki nimeshika kiuno.

"Kaa," akasema, akanisogezea debe nilikalie.

"Mama, nilikwambia uzee umekuharibia hesabu."

"Ulisema mbele za watu."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Basi utaniomba mbele za watu," akasema, na akaendelea kupepeta. Baada ya muda akaongeza, "Jumatatu nitashuka. Na hicho kidonge, umekunywa leo?"

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeomba radhi mbele ya foleni nzima. Alinisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akaniambia nikae chini kabla sijaanguka.

Jumapili, 22 Septemba

Nimepokea simu. "Baba! Wiki nne! Nilikuwa nataka kutuma polisi! Kilo ngapi?"

 Nikasema, "Njoo utaona."

"Nakuja Jumamosi," akasema.

Jumamosi, 28 Septemba

Nilifika stendi mapema, nimevaa shati jipya ambalo kifungo cha juu kinafika. Asubuhi nilipita ghalani, Winchi akanipima. Nimepungua kilo moja.

Binti yangu alishuka na begi la bluu. Amekonda, ana pete ambayo sikuwahi kuiona. Akasimama, akaangalia huku na huku. Macho yake yakanifikia, yakanipita, yakaenda kwa mzee mwembamba kwenye benchi. Akapiga hatua kuelekea upande wangu, akanipita karibu kiasi cha kunigusa kwa begi, akasema, "Samahani, mzee," akaenda kumtazama yule wa kwenye benchi usoni.

Ningeweza kuondoka. Nakiri nilifikiria. Nilimwona akitoa simu, anatafuta namba yangu, kwa sababu alikuwa anamtafuta mtu ambaye nilimwambia kila Jumapili kwamba yupo.

Simu yangu ikaita mfukoni. Akageuka aliposikia mlio.

"Themanini," nikasema.

Alinitazama uso, shingo, lile kovu la mionzi juu ya kola. Begi likaanguka.

"Baba?"

"Themanini kamili, mama. Nimepima leo."